Kufanya Hesabu na Moyo

Juma hili twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya maradhi yasiyoonekana kwa macho, na juu ya dawa moja ya zamani iliyo katikati yetu. Maradhi hayo ni wasiwasi. Mkulima amelima, amepanda, amepalilia. Usiku umeingia na mwili wake umechoka, lakini usingizi hauji, maana ahesabu deni la mbolea, karo ya watoto, na mawingu yapitayo bila kuleta mvua. Karani naye ameketi mezani pake; mkono waandika, lakini moyo uko nyumbani kwa mtoto mgonjwa, au uko mwisho wa mwezi kwa mwenye duka anayemdai. Akirudi nyumbani, moyo wabaki ofisini. Basi mtu huyu hayuko mahali po pote kwa ukamilifu. Hula chakula asikionje, na watoto wake husema naye asiwasikie.

Wengi wetu husema kwamba hayo ndiyo maisha. Ni kweli, hapana mwanadamu asiye na mashaka. Lakini wasiwasi ukizoea kukaa moyoni haukai bure. Huharibu usingizi, huchochea hasira, huvuruga kazi, na mara nyingine huishia katika ugonjwa wa kweli. Nasi badala ya kumsaidia mwenzetu aliyeshikwa, twamwambia kwamba imani yake ni haba. Neno hilo ni zito, tena si la haki, kama tutakavyoona.

Yafaa kwanza tuliangalie neno lenyewe. Wasiwasi ni neno lililotoka katika lugha ya Kiarabu, kama yalivyotoka huko maneno mengine tuyatumiayo kila siku: hesabu, sharti, juhudi, tafakari, hudhuria. Maneno hayo yalifika pwani yetu pamoja na dini na biashara, na leo husemwa na watu wa kila dini, toka Lamu hata Kisumu. Katika vitabu vya wanavyuoni wa Kiislamu maneno ya asili hiyo yalifanya kazi moja kubwa: yalikuwa vyombo vya kuulinda moyo. Msomaji asiye Mwislamu asiufunge ukurasa huu. Elimu iliyo ndani yake yaweza kumfaa mtu ye yote anayelala na mashaka yake.

Siku hizi watu wa Ulaya na Marekani wasema sana juu ya zoezi la kutuliza fikira. Mwaka 1979 Dr. Jon Kabat-Zinn, wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, alianza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu ya siku nyingi kuketi kimya, kuiangalia pumzi yao, na kuzitazama fikira zinavyokuja na kupita, pasipo kuzifuata wala kupigana nazo. Zoezi hilo alilitoa katika mafundisho ya Kibuddha, akaliondolea sura ya ibada ili liweze kutumiwa hospitalini. Mwaka 2014 wataalamu wa Marekani walikusanya majaribio 47 ya mazoezi ya namna hiyo, yaliyohusu watu 3,515, wakaona kwamba yalipunguza kwa kadiri wasiwasi, huzuni na maumivu. Lakini hawakuona kwamba yalishinda dawa au mazoezi ya viungo. Basi si uganga, wala si upuzi. Ni msaada wenye kipimo chake.

Mwislamu asikiapo habari hizo huenda akadhani kwamba ni jambo geni lililoletwa kwa meli. Lakini dini yake ina zoezi lililo karibu na hilo, nalo lina zaidi ya miaka elfu. Wanavyuoni waliliita murakaba, maana yake kuchunga au kulinda kwa macho. Msingi wake ni mafundisho ya Mtume juu ya ihsani, kwamba mtu afanye ibada yake kama aliyesimama mbele ya Mungu na kumwona, akijua kwamba ijapokuwa yeye haoni, yeye mwenyewe aonekana. Hapo ndipo njia hizi mbili zinapoachana. Yule wa Massachusetts huzitazama fikira zake. Huyu huzitazama fikira zake akijua kwamba yuko Mwingine azitazamaye pamoja naye. Kwa mtu aliyelemewa usiku wa manane, tofauti hiyo si ndogo. Maana moja ya taabu kubwa za wasiwasi ni kudhani kwamba mtu yu peke yake.

Mtu mmoja aliyeieleza habari hii kwa akili ya kiganga alikuwa Abu Zayd al-Balkhi. Alizaliwa karibu na mji wa Balkh, ulioko leo kaskazini ya Afghanistan, akasoma Iraki, akafariki mwaka 934. Aliandika kitabu juu ya afya ya miili na nafsi, akakigawa sehemu mbili: ya kwanza ya mwili, ya pili ya nafsi. Aliona kwamba waganga wa zamani zake walishughulika na mwili tu, wakaisahau nafsi. Naye alisema hilo ni kosa, kwa kuwa mwanadamu ni vyote viwili, na kimoja kikiugua chaweza kukiuguza cha pili. Tena alionyesha jambo ambalo kila mtu aweza kulipima mwenyewe: mtu aweza kuishi miaka mingi bila kupatwa na ugonjwa fulani wa mwili, lakini hapana mtu apitishaye maisha yake pasipo hasira, hofu wala huzuni.

Al-Balkhi aliyagawa maradhi ya nafsi katika mafungu manne: hasira, hofu, huzuni, na wasiwasi. Juu ya huzuni alieleza kwamba iko ya namna mbili. Iko ile yenye sababu ijulikanayo, kama kufiwa au kupoteza mali. Nayo hutibiwa kwa maneno mema na kwa fikira zilizotengenezwa. Na iko ile ambayo mtu huhuzunika asijue kwa nini. Hiyo, alisema, asili yake imo mwilini, nayo yataka kutibiwa mwili pia. Tazama jinsi mtu huyu alivyokuwa na huruma. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita hakumwambia mwenye huzuni isiyo na sababu kwamba imani yake ni haba. Alimwambia kwamba ni mgonjwa.

Shauri lake moja lastahili kuwekwa akilini na kila mkulima. Kama vile mwenye busara anavyoweka dawa nyumbani kabla hajaugua, ndivyo mtu anavyopaswa kujiwekea fikira njema wakati moyo wake umetulia, ili siku ya taabu azikute tayari. Asiyepanda wakati wa mvua atavuna nini wakati wa kiangazi? Mtu angojaye mpaka wasiwasi umshike ndipo aanze kujifunza kuutuliza moyo, amechelewa kwenda shambani. Sehemu ya nafsi ya kitabu hicho ilitafsiriwa kwa Kiingereza na Profesa Malik Badri wa Sudan, mwalimu mashuhuri wa elimu ya nafsi aliyefariki mwaka 2021. Tafsiri hiyo ilipigwa chapa mwaka 2013, nayo imewashangaza wengi waliodhani kwamba elimu hii ilianza Ulaya.

Sasa tumtazame mtu wa pili, Imamu Abu Hamid al-Ghazali. Huyu alizaliwa Tus, katika nchi ya Uajemi, mwaka 1058. Alipokuwa na umri wa miaka kama thelathini na mitatu alikuwa amekwisha kupewa kiti cha ualimu katika chuo cha Nizamiyya huko Baghdad, na wanafunzi wake walihesabiwa kwa mamia. Kama imani na elimu pekee zingekuwa kinga ya maradhi ya moyo, basi yeye angekuwa wa mwisho kuugua. Lakini mwaka 1095 aliugua. Yeye mwenyewe ameeleza katika kitabu chake cha maisha kwamba kwa muda wa karibu miezi sita alivutwa huku na huku, kati ya kubaki katika cheo chake na kuondoka. Mwishowe ulimi wake ukafungwa. Akisimama kufundisha, neno halitoki. Chakula kikamshinda, hata maji hayakupita vizuri kooni. Waganga wakakiri kwamba ugonjwa ulianzia moyoni na kutoka huko ukaingia mwilini, na kwamba dawa haitafaa mpaka moyo wenyewe utulie.

Al-Ghazali alifanya jambo gumu. Aliigawa mali yake, akabakiza ya kuwatosha watoto wake, akaacha kiti chake, akaenda Dameski, kisha Yerusalemu na Makka. Kwa miaka kadhaa aliishi maisha ya unyamavu, akiuchunguza moyo wake. Mwaka 1106 alirudi kufundisha, mara hii Nishapur, akafariki kwao Tus mwaka 1111. Hatusemi kwamba kila karani mwenye wasiwasi aache kazi yake kesho. Watoto wake watakula nini? Twasema tu kwamba mtu mwenye elimu nyingi na imani kubwa aliugua namna hii, akakiri wazi, akaandika, wala heshima yake haikupungua kwa miaka mia tisa. Basi kwa nini jirani yako aone haya?

Katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini, Al-Ghazali aliweka mlango mzima juu ya kuulinda moyo, na mfano alioutumia ni wa biashara. Mtu na nafsi yake, alisema, ni kama mfanyabiashara na mshirika wake. Rasilimali yao ni umri, na siku ikiisha pasipo faida hairudi tena. Mwenye mali hampi mshirika fedha kisha akamsahau. Kwanza huwekeana naye masharti. Pili humwangalia afanyapo kazi. Tatu hufanya naye hesabu. Na mshirika akikosa humtoza, humsukuma kwenye juhudi, na humlaumu. Kila hatua ina jina lake la Kiarabu, na msomaji wa Kiswahili akiyasikia majina ya hatua tatu atatambua mara moja masharti, hesabu na juhudi ndani yake. Kabla yake alikuwako mwanachuoni wa Basra, Al-Harith al-Muhasibi, aliyefariki Baghdad mwaka 857. Lile jina la Muhasibi lilimshika kwa sababu ya kujifanyia hesabu sana.

Mfano huu makarani wote wataufahamu. Sisi tushikao vitabu vya hesabu twajua kwamba daftari linalofungwa kila jioni halimpi mtu taabu. Taabu huja pale vocha zilipolundikana miezi mitatu, mkaguzi akabisha hodi. Moyo ni vivyo hivyo. Hasira ya Jumatatu isipotazamwa Jumatatu, huchanganyika na hofu ya Jumanne na wivu wa Jumatano, hata Ijumaa mtu ampiga mtoto kwa kumwaga maji, asijue kwamba ampiga kwa sababu ya neno aliloambiwa na mkubwa wake siku nne zilizopita.

Je, kazi hii hufanywaje na mtu asiye na nafasi? Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri na kabla ya kuifungua simu, na aketi dakika chache na kuiambia nafsi yake sharti moja tu la siku hiyo. Sharti moja latosha: leo sitajibu kwa hasira, leo nitafanya kazi moja mpaka iishe, leo sitalizungumza deni langu ila saa ile nitakayokaa kulipangia malipo. Mchana, anapofanya kazi, na ajiulize mara kwa mara: moyo wangu uko wapi sasa? Akiuona umetoroka, na aurudishe pole pole, kama mchungaji arudishavyo mbuzi aliyeingia shamba la mtu, bila kumvunja mguu. Usiku, kabla ya kulala, na apitishe siku yake mbele ya macho yake: hapa nilishika sharti, hapa nililivunja, hapa Mungu alinipa neema ambayo sikuiona. Kisha afunge daftari. Hesabu iliyokwisha kufungwa haifunguliwi tena kitandani.

Sala tano nazo zimewekwa kwa namna inayosaidia kazi hii. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha: mara tano mkondo wa siku wakatwa. Mtu aacha jembe au kalamu, anawa, asimama, ainama, asujudu. Maji baridi usoni na pumzi iliyotulia ni vitu ambavyo hata mwili wenyewe huvijibu. Pumzi iendapo taratibu, moyo wa mwilini nao hupunguza mbio zake. Lakini wanavyuoni wote wasema kwamba sala ya viungo peke yake ni ganda. Kiini chake ni kuhudhuria kwa moyo. Mtu aweza kusujudu huku ahesabu magunia ya mahindi, na akiondoka hapo wasiwasi wake ni ule ule. Anayejizoeza kuhudhuria katika dakika hizo chache atajikuta ameanza kuhudhuria kazini na mezani kwake vile vile.

Juu ya hasira liko fundisho la Mtume lijulikanalo na wengi: aliyeshikwa na hasira akiwa amesimama na aketi, na isipomwondoka na alale chini. Fundisho hili ni la mwili, nalo ni rahisi, tena lina hekima kubwa. Mtu aliyeketi ni mgumu kupiga, na aliyelala ni mgumu zaidi. Kati ya moto kuwaka na mkono kuinuka pamepatikana nafasi, na katika nafasi hiyo akili hurudi. Wazee wetu walisema hasira hasara. Fundisho hili laonyesha jinsi ya kuikimbia hasara hiyo.

Lakini hapana budi tutoe onyo. Dawa nzuri ikinywewa pasipo kipimo huwa sumu. Wako watu ambao wasiwasi umewaingia katika ibada yenyewe. Mtu atawadha, kisha adhani kwamba hakuosha mkono, arudia. Aanza sala, kisha adhani kwamba nia yake haikusimama, arudia. Hata wenzake wamekwisha kusali na kwenda zao, yeye yuko kwenye birika. Watu huweza kumsifu kwamba ni mcha Mungu sana. Wanavyuoni hawakumsifu. Ibn Qudama, aliyefariki Dameski mwaka 1223, aliandika kitabu kidogo mahsusi cha kuukemea wasiwasi huo, na sheria yenyewe imeweka mpaka: kiungo huoshwa mara tatu, basi. Waganga wa leo huutambua ugonjwa wa kurudia-rudia namna hii, nao watibika. Na Al-Balkhi alikuwa amekwisha kushauri kwamba mwenye wasiwasi asikae peke yake sana, bali akae na watu, maana upweke ndio shamba ambalo fikira mbaya hustawi.

Vile vile yule aliyezama katika huzuni asijitwike hatua ya lawama. Al-Ghazali aliiandika kwa watu wazima wa moyo wanaojisahau, si kwa mtu ambaye tayari ajilaumu usiku kucha. Huyo na aanze na kuhesabu neema, na aende kwa daktari.

Naam, kwa daktari. Wako wasemao kwamba kwenda hospitali kwa ajili ya maradhi ya moyo ni kukosa kumtegemea Mungu. Mtume mwenyewe aliwaamuru watu watafute dawa, akafundisha kwamba Mungu hakuleta ugonjwa pasipo kuleta tiba yake. Nao watawala wa Kiislamu walilifuata neno hilo kwa matofali. Hospitali aliyoijenga Sultani Qalawun huko Kairo mwaka 1284 ilikuwa na mahali pa wagonjwa wa akili pamoja na wagonjwa wengine. Ile ya Sultani Bayezid wa Pili huko Edirne, nchi ya Uturuki, iliyofunguliwa mwaka 1488, ilisifiwa na msafiri Evliya Çelebi katika karne ya 17 kwa sababu wagonjwa walipigiwa muziki ili watulizwe. Majengo yake yangaliko, nayo yamefanywa makumbusho. Hapa kwetu hospitali ya Mathari, Nairobi, ilianzishwa mwaka 1910, na kwa muda mrefu watu wamelitumia jina lake kama tusi la kuchekeana. Desturi hiyo yatupasa kuiacha. Mtu aliyekosa usingizi majuma mawili, asiyetaka chakula wala watu, au aliyeanza kusema kwamba afadhali afe, asiambiwe akaongeze sala tu. Apelekwe hospitali, na ndugu zake wamsindikize. Na sala iende pamoja naye, isiwe mahali pa dawa. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Basi, ndugu msomaji, kazi tuliyoieleza haina gharama. Haitaki kitabu wala safari, wala haitamwondolea mtu deni lake, wala haitaleta mvua. Deni litalipwa kwa kazi, na mvua iko kwa Mwenyewe. Lakini mtu ambaye moyo wake umehudhuria ataona vema zaidi deni lake lianze kulipwa wapi, na mvua itakaponyesha itamkuta amelala usingizi wa kutosha, ana nguvu za kupanda. Jaribu juma moja: sharti moja asubuhi, jicho moja mchana, hesabu moja usiku. Na ukimwona jirani yako ameketi kimya kuliko desturi yake, usipite. Keti naye.